Picha Tulizozipiga Mombasa

Mwezi uliopita tulirudi Mombasa, wanafunzi tisa wa kupiga picha kwa kamera za filamu, ili kila mtu awaonyeshe wenzake alichokipata. Majuma matatu kabla ya hapo tulikuwa tumeshinda siku tatu katika Mji wa Kale, kila mtu na filamu moja tu ya picha 36. Wasomaji waliozoea kupiga picha mia kwa simu kabla ya chai ya asubuhi watacheka. Walakini mtu ajuaye kuwa anazo 36 tu, husimama akatazama kwanza.

Kazi ya kusafisha filamu ndiyo iliyotutoa jasho. Filamu yetu, Ilford HP5, katika dawa ya ID-11 huhitaji dakika 7 na nusu, dawa ikiwa na joto la digrii 20. Maji ya mfereji huko pwani yana joto kupita hapo, na dawa ya moto hufanya kazi upesi mno. Basi tulinunua barafu kwa wauza samaki, tukazisimamisha chupa za dawa ndani ya beseni hata kipimajoto kikashuka.

Siku ya kuonyeshana, wengi walitaka kutoa picha tatu nne nzuri na kuzificha nyingine. Mwalimu wetu alikataa. Alitaka karatasi ile ambayo negativu zote hulazwa juu yake zikachapwa pamoja, picha ndogo ndogo 36 kwa mpango zilivyopigwa. Kwa maoni yangu alifanya vema sana, kwa maana karatasi hiyo huonyesha nyayo za mtu: hapa alisita, hapa alikwenda mbio, hapa aliogopa kusogea karibu. Watu wanne tulikuwa tumeupiga mlango mmoja wa nakshi, wala hakuna mlango uliofanana na mwenzake. Mama mmoja, mkulima wa kahawa kutoka Nyeri, alikuwa ametumia picha 11 kwa paka mmoja aliyelala barazani; na ile ya 11, paka alipofumbua jicho, ilitushinda sote.

Lakini picha iliyoleta maneno mengi ilikuwa ya mzee auzaye kahawa, ameshika dele lake, moshi ukimpita usoni. Mwenzetu aliyeipiga alitaka kuitundika katika maonyesho huko Nairobi. Wengine wakasema haifai kabla mwenyewe hajaulizwa. Tulibishana karibu saa nzima, kisha tukaenda watano, picha imefungwa ndani ya bahasha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu."

Aliitazama kwa muda mrefu. Akasema wageni wamempiga picha miaka mingi, hata mmoja hajamletea. Kisha akauliza chini yake pataandikwa nini. Swali hilo lilinigusa, kwa kuwa nimeona kadi za posta za zamani za pwani yetu, watu wamesimama wazi kabisa, na chini pameandikwa kabila lao au kazi yao tu.

"Itundikeni," akasema, "lakini andikeni jina langu na la baba yangu. Na mniletee nyingine ya binti yangu, yuko Likoni."

Ya binti ilichapwa juma lile lile. Ile ya Nairobi ina majina yote mawili. Hapa gazetini sikuyataja, kwa kuwa ruhusa aliyoitoa ilikuwa ya picha.