Mfereji Ndio Adui wa Gonoleki

Kuanzia Kahawa Wendani hadi Ruiru, kizazi changu kimeona mibuni iking'olewa na magorofa ya kupangisha yakichukua nafasi yake, na kasi ikaongezeka barabara kuu ya Thika ilipokamilika kupanuliwa mwaka 2012. Hayo kila mtu aliyaona. Yaliyotokea kando ya Ziwa Victoria yalipita kimya zaidi, kwa sababu tulilelewa tukiambiwa kwamba kinamasi ni ardhi iliyokaa bure, makao ya mbu yanayongoja trekta. Humo ndimo anamoishi ndege aitwaye gonoleki wa mafunjo: mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano. Dume na jike huimba kwa kupokezana wakiwa wamejificha ndani kabisa, hivyo husikika kuliko wanavyoonekana. Mafunjo yakiisha, hana pa kuhamia. Watafiti waliolinganisha picha za angani za mwaka 1969 na za 2000 walikuta kinamasi cha Dunga, karibu na Kisumu, kimepoteza nusu ya mafunjo yake, cha Koguta asilimia 47 na cha Kusa asilimia 34.

Lawama huwaangukia upesi wakata mafunjo, wale wanaosuka mikeka na vikapu. Nadhani wanaonewa. Mkataji husimama majini, akakata bua kwa panga na kuacha shina lililolala matopeni. Baada ya miezi kadhaa machipukizi yamekwisha kupanda tena. Pakikatwa kwa kiasi, ndege hukaa. Kweli, pakikatwa kupita kiasi na kuchomwa moto, huondoka, na hilo si la kufichwa. Lakini mfereji ni jambo jingine: ukikausha matope, shina hufa, mahindi na nduma huingia, na hakuna kinachochipuka tena. Kinamasi cha Yala, chenye ukubwa wa hekta 17,500 hivi, kilianza kukaushwa katika miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Kimarekani, Dominion Farms, ikaingia kulima mpunga. Mkataji mwenye panga hawezi kufanya kazi ya ukubwa huo hata akipewa karne nzima.

Wapo watakaouliza: watu wale ndege? Swali ni la haki, maana njaa ya Siaya na Busia si hadithi. Ila linadhani kwamba kinamasi hakilishi mtu. Mafunjo huchuja maji yanayoingia ziwani na kuwapa samaki mazalio. Ziwa Kanyaboli, ndani ya Yala, bado lina aina za samaki wadogo waliotoweka Ziwa Victoria baada ya mbuta kuletwa. Mpunga wa kampuni ulikuwa na mwenyewe, ilhali mafunjo humpa riziki hata mjane asiye na shamba. Kwa hiyo anayemtetea gonoleki hana haja ya kuwafukuza watu kinamasini. Anawahitaji wale ambao kipato chao kinategemea mafunjo yasimame. Serikali za kaunti za Kisumu, Siaya na Busia zisitoe kibali cha mfereji mpya hata mmoja kabla ya kuwasikiliza wakataji na wasukaji hao.