Ujumbe Tuliousoma Sote Wawili

Wengi mnatuuliza maisha ya bara yakoje tangu tulipotoka Unguja kuja kuishi Mkula, huku Busega, mkoani Simiyu. Leo tunawasimulia habari ya vifaranga wetu, mtu na wifi yake.

Tulianza na vifaranga mia. Wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi joto 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Tukanunua kihisio cha joto kisichotumia waya, tukakitundika bandani usawa wa migongo yao. Joto likishuka, kinatuma ujumbe kwenye simu zetu. Tukajiona wajanja.

Siku moja ya Julai jua lilikuwa kali, tukazima taa ya joto. Jioni tukasahau kuiwasha. Saa nane usiku ujumbe ukaingia. Sote wawili tuliusoma, na kila mmoja akasema moyoni: wifi ataamka.

Alfajiri tuliwakuta wamerundikana kona moja, wamelaliana. Thelathini na saba walikuwa wamekufa. Siku tatu hatukutazamana usoni.

Fundi umeme wa jirani alitusikiliza, akauliza, "Sasa dada zangu, kwa nini habari ya joto ipitie kwenu kwanza?" Akakiunganisha kihisio moja kwa moja na swichi ya taa. Joto likishuka hadi nyuzi 32 taa inawaka, likifika 34 inazima. Nafasi hiyo ya nyuzi 2 ameiacha makusudi, ili taa isiwake na kuzima kila dakika. Haitaki bando wala simu. Betri ya kihisio ikiisha, kengele inalia, maana swichi isiyopata habari mpya inaweza kuendelea kuamini joto la jana.

Alhamdulillah, kundi la pili limekua vizuri. Ila umeme ukikatika, swichi haina la kufanya. Jiko la mkaa liko tayari, na dirisha tunaliacha wazi, kwa kuwa hewa ya mkaa inaua.

Viumbe hawa ni amana. Kwa hiyo kila usiku, kabla ya kulala, tunaulizana kwa sauti: leo zamu ya nani? Hatuachi tena jibu likae moyoni.