Unguja Ilipokaa Gizani

Ukishuka bandarini Malindi jioni, dada msomaji, na kupita vichochoro vya Mji Mkongwe vyenye taa, huwezi kudhani giza liliwahi kutawala hapa miezi mitatu. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Desemba 2009 njia hiyo iliharibika; umeme ukarudi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, na akina mama wakarudia visima na vibatari.

Wenye fedha waliwasha jenereta. Lakini petroli hula fedha ya chakula, na moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Sisi wauguzi twasihi: jenereta isiwashwe ndani wala karibu na dirisha.

Waya mpya ulizinduliwa 2013. Hata hivyo, kaskazini mwa kisiwa wanawake wa vijijini wamefundishwa kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Jua halidai petroli, ila mtambo mdogo hautapika wali wala kupiga pasi, na betri huchakaa. Mkaa bado uko jikoni.

Basi mama, weka akiba ya betri kidogo kidogo, mtoto asisomee tena moshi wa kibatari.