Tulisema ni Jino

Leo twataka kuwasimulieni jambo linalotuhusu sisi wenyewe, wala si la kujisifu. Kazi yetu ni kufundisha dini hapa Bunia na katika vijiji vinavyoteremka mpaka Ziwa Albert. Mtu akiitwa mwalimu, watu humwuliza mengi yasiyo ya katekisimu: barua, mashauri ya ndoa, na hasa magonjwa ya watoto. Nasi hujibu, maana twaona haya kusema kwamba hatujui. Hapo ndipo tulipokosea.

Mama mmoja wa upande wa Kasenyi alituletea mwanawe wa kiume, umri wake miaka sita hivi. Shavu lilikuwa limevimba kidogo upande mmoja, na jino la chini lilikuwa likitikisika. Mtoto hakuwa na homa, alikula, alicheza. Mama akauliza, "Mwalimu, nimpeleke kwa daktari?" Tukamtazama kinywani, tukasema, "Mama, ni jino. Huu ndio umri wa kubadilisha meno. Ngoja kwanza." Naye alitusadiki.

Tulirudi kijijini baada ya majuma matatu. Uvimbe ulikuwa umejaa nusu ya uso, na jicho limesukumwa nje. Baba alikuwa amekwisha maliza fedha yake kwa mganga wa mitishamba. Majirani nao walikuwa wamekwisha pata mtu wa kulaumu: bibi mmoja mjane, shangazi yake baba, aliyekaa peke yake pembeni ya kijiji. Walisema yeye ndiye anayemla mtoto. Wanawake hawakutaka tena kuteka maji pamoja naye. Mtoto alipofikishwa hospitali, tumbo lake pia lilikuwa limevimba. Tulimzika kabla ya Pasaka.

Hakuna aliyetulaumu. Mama alitushukuru hata kwa sala za maziko, na shukrani ile ndiyo iliyotuuma. Yule bibi hakuja makaburini. Aliogopa.

Baadaye tulimwendea daktari aliyempokea mtoto, tukamwuliza, "Daktari, ni ugonjwa gani unaokimbia namna hii?" Hakutujibu kwa maneno mengi. Alituongoza mpaka maabara, akatuketisha mbele ya hadubini.

Chombo hicho hakikuwa kigeni kwetu. Tulipokuwa katika seminari ndogo, padri aliyetufundisha elimu ya viumbe alikata ncha ya mzizi wa kitunguu, akaitia rangi, akaiponda juu ya kioo, akatuita mmoja mmoja. Tuliona vyumba vidogo vimepangwa kama matofali ya ukuta; hivyo ndivyo seli. Katika vingi kiini kilikuwa kimetulia. Katika vichache zilionekana nyuzi nene: huku zimejipanga katikati, huku zimevutwa pande mbili, huku ukuta mpya umeanza kujengwa kati ya viini viwili. Padri alituambia kwamba Walther Flemming, Mjerumani, aliyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1882. Tulifurahi siku ile, maana tuliona jinsi kitunguu kinavyokua.

Sasa tuliyaona yale yale katika shavu la mtoto. Daktari alikuwa amechoma uvimbe kwa sindano nyembamba, akatoa majimaji kidogo na kuyapaka juu ya kioo. Seli zilikuwa za duara, zimebanana, rangi ya samawati iliyokolea, na ndani yake vitundu kama mapovu. Fundi wa maabara alisogeza kioo polepole, akasema, "Hii yagawanyika. Na hii. Na hii tena." Hapa na pale palikuwa na seli moja kubwa, nyeupe zaidi, iliyokuwa imemeza mabaki ya zile zilizokufa. Wataalamu wakiyaona hayo katika kipande cha nyama ya uvimbe, husema ni kama mbingu yenye nyota.

Tukauliza jina lake. Daktari akasema, "Ni ugonjwa wa Burkitt. Na habari yake ilianzia kwa jirani zetu."

Basi, tusimulie kidogo. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, mzaliwa wa Ireland, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote mbili. Majuma machache baadaye, huko Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Akaanza kuuliza na kuandika, na mwaka 1958 alitangaza habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961 alifunga safari kwa gari pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Clifford Nelson. Williams alifanya kazi Kuluva, karibu na Arua, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Aru. Walisafiri majuma kumi, kilometa zipatazo 16,000, mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza katika kila hospitali: je, mmewaona watoto wa namna hii? Wakagundua kwamba ugonjwa hupenda nchi za joto na mvua, zenye malaria nyingi, na kwamba katika nchi za juu huwa adimu. Sisi wa Ituri twaweza kufahamu upesi: ufuo wa ziwa ni bonde la joto na mbu, lakini milima ya Djugu ni ya baridi.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa hotuba huko London, na mtaalamu mmoja, Anthony Epstein, alimsikiliza. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilipelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Zaidi ya miaka miwili alitafuta, asione kitu. Mwezi wa Desemba 1963 ndege ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamechafuka. Mtu mwingine angalisema kimeoza, akakitupa. Epstein alichukua tone moja akalitia chini ya hadubini ya kawaida. Kumbe hayakuwa maozo! Zilikuwa seli za uvimbe, zimeachana na nyama, zinaelea zikiwa hai. Yeye na Yvonne Barr wakazikuza katika chupa, na mwaka 1964, pamoja na Bert Achong, wakaziangalia kwa hadubini ya elektroni, ionayo vitu vidogo kupita ile ya kawaida. Ndani yake wakaona kirusi. Leo chaitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Lakini msishtuke. Kirusi hicho karibu watu wazima wote wanacho, nacho hakiwadhuru wengi. Mtoto akipatwa na malaria mara kwa mara, seli zile zilizo askari wa mwili hulazimika kugawanyika mno, na katika kugawanyika kosa laweza kutokea. Hadubini iliwaonyesha wataalamu hata kosa lenyewe: mwaka 1972 waliona kromosomu moja, ndiyo ya 14, imeongezewa kipande, na mwaka 1976 wakatambua kwamba kipande kile mara nyingi hutoka kwenye kromosomu ya 8. Basi amri ya kusema "gawanyika" haizimiki tena.

Daktari alitufanyia hesabu. Seli za uvimbe huu zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili hivi. Moja ikiwa mbili, na mbili zikiwa nne, zikigawanyika mara kumi huwa 1,024. Mara ishirini zimepita milioni moja. Ni kweli nyingi hufa njiani, lakini zinazobaki zatosha kuua. Tulitazama chini. Yale majuma matatu tuliyompa mama yule, sisi ndio tulioyatoa.

Ndipo alipotuambia neno ambalo ndilo sababu ya kuandika makala hii. Dawa za ugonjwa huu hupiga hasa seli zilizo katika kugawanyika. Kwa hiyo mbio zile zile zinazoua ndizo zinazoupa mwili nafasi ya kupona. Burkitt mwenyewe aliona uvimbe ukiyeyuka kwa siku chache baada ya dawa, na mwaka 1967 huko Kampala kilianzishwa kituo cha kuwatibu watoto hao. Si wote wanaopona, walakini wengi hupona wakifika mapema na kumaliza dawa zote. Ugonjwa wakimbia, dawa nayo yakimbia. Anayechelewa ni sisi.

Tangu siku ile tumemwona mtoto wa pili, msichana wa ufuoni, shavu limevimba, meno mawili yanatikisika. Hatukumtazama kinywani kwa muda mrefu. Juma lile lile alichomwa sindano, kioo kikasomwa, akapelekwa kwa dawa kwa njia ya Mahagi mpaka ng'ambo. Nywele zilimtoka, zikaota tena. Leo yumo katika mafundisho ya komunyo ya kwanza, naye ni msumbufu kweli.

Wazazi wapenzi, si kila shavu lililovimba ni ugonjwa huu. Mara nyingi ni jino kweli. Lakini uvimbe ukikua kwa siku chache bila maumivu makali, meno yakilegea kabla ya wakati, jicho likitokeza, tumbo likivimba au miguu ikilegea, msingoje Jumapili, msimngoje mwalimu. Nendeni hospitali, mwombe uvimbe upimwe kwa hadubini. Na watoto walale ndani ya chandarua kila usiku.

Lilibaki jambo moja. Tulishuka Kasenyi, tukaketi na mama wa marehemu, tukamwambia waziwazi kwamba shauri letu la kungoja lilikuwa kosa. Alinyamaza muda mrefu akikuna udongo kwa kijiti. Kisha akauliza, "Mwalimu, mlipotazama katika chombo kile, mliona mkono wa mtu?"

Tukajibu, "Hapana, Mama. Tuliona seli tu, zikigawanyika."

Akasimama, akajifunga kitenge chake. "Basi, tufuatane," akasema. Tulidhani anakwenda kanisani. Alikata njia ya pembeni ya kijiji, mpaka kwenye mlango wa yule bibi, akapiga hodi.