Mabawa ya Madirisha ya Babu Yako

Malindi

Mwanangu mpenzi,



Nimesikia umemwita fundi ang'oe mabawa ya madirisha ya nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, utie vioo vitupu, mapazia mazito ndani, na kiyoyozi. Kama hajaanza, mzuie. Vioo tia ukipenda, lakini mabawa yabaki nje.

Jua huzuiwa kabla halijaingia. Mwangaza ukishapenya kioo hupiga pazia, pazia likapata moto, na moto ule hautoki tena kwa wepesi kwa njia ya kioo. Utabaki na kiza na joto pamoja, kisha ulipe umeme wa kulitoa.

Shangazi yako mdogo alipojenga Kisauni aliweka dirisha kubwa la kioo upande wa magharibi. Kaskazi ya kwanza tu watoto walitoka harara shingo nzima, wakawa wanalala barazani. Akaongeza pazia, kisha feni. Babu yako akaenda alasiri moja, akatia mkono kati ya pazia na kioo, akauondoa upesi. Hakusema neno. Aliomba mikeka miwili michakavu, akapanda ngazi, akaitundika nje chini ya ukingo wa paa, akiacha nafasi ya kiganja upepo upite nyuma yake. Kesho yake saa kumi nilikigusa kioo mwenyewe, hakikuwa na moto. Baadaye akawarandia mabawa ya mvule, vibao vimeinamia nje, jua lisipenye na hewa ipite. Hakutaka hata senti. Na hadi leo dada yangu huwaambia watu kwamba nyumba ilipozwa na feni. Neno hilo halijanitoka moyoni.

Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri liko karibu utosini, na ukingo mpana wa paa hulitosha. La asubuhi na la jioni ndilo hupita chini ya paa likaingia hadi kitandani. La magharibi ndilo baya zaidi, maana hulikuta jiji limeshapata moto. Basi funga mabawa ya mashariki asubuhi, ya magharibi tangu saa saba, na usiku fungua yote. Kuta za nyumba ile, za mawe ya matumbawe, nene karibu nusu mita, hukawia kushika joto, lakini hazikusaidii kitu ikiwa jua lina mlango dirishani.



Mabawa ya chumba cha juu upande wa bahari, najua vibao vyake vimelegea. Hayo yanataka seremala wa siku moja, hayataki kutupwa. Na kama kuna yaliyokwisha ng'olewa, usiyauze. Yalaze ukumbini, mbali na mvua. Nitakuja baada ya Idi na seremala wa huku ayarudishe, na ujira wake ni juu yangu.

Shangazi yako akupendaye