Banka la Mkonze

Baba mdogo alinifundisha kuchuchumaa kabla hajanifundisha kupiga mpira. "Chuchumaa, mama," alikuwa akisema. "Ardhi haisomwi na mtu aliyesimama." Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la bibi aliyemzaa, na hata akinigombeza hulazimika kunigombeza kwa adabu.

Alirudi Mkonze mwaka 2009, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa ameishi Dar es Salaam karibu miaka ishirini, kazi yake kedi kwenye uwanja wa gofu. Alirudi na begi moja, magoti mawili mabovu na fimbo moja, namba saba, ambayo mchezaji fulani alimwachia alipohama nchi. Nyumbani hakuna aliyejua kedi ni nani. Shangazi aliwaeleza majirani kwamba alikuwa akibeba mizigo ya matajiri. Hakusema uongo, ila aliacha nusu ya kazi. Kedi mzuri humwambia mchezaji mpira utapindia wapi, na akikosea hulaumiwa mbele ya watu.

Kwenye kona ya chini ya shamba letu, pale mizabibu inapoishia na korongo linapoanza, alijenga shimo moja la gofu. Moja tu. Grini ya nyasi haikuwezekana. Dodoma hupata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na hakuna mwenye akili timamu angemwagilia nyasi wakati ndoo zimepanga foleni bombani. Akatengeneza brauni: mchanga wa korongoni uliochekechwa, ukachanganywa na oili chafu aliyoomba gereji za Kikuyu, ukashindiliwa hadi ukawa mgumu kama sakafu. Katikati alizika kopo la maziwa. Kabla ya kupiga unaburuta kipande cha gunia kufuta nyayo za kuku.

Nilidhani ni ubunifu wa kimaskini wa kwetu, kumbe viwanja vingi vya zamani kwenye nchi kame vilianza hivyo. Hata Pinehurst namba 2 kule Marekani, uwanja ambao wenye gofu yao huutaja kwa heshima kubwa, ulichezewa juu ya grini za mchanga hadi katikati ya miaka ya 1930. Nilipomwambia hakushangaa. "Sasa wewe ulidhani nyasi zilitangulia mchanga?"

Somo lake la kwanza lilikuwa hili: mpira ni maji mvivu. Ukitaka kujua utakwenda wapi, jiulize mvua ingekwenda wapi, kisha punguza haraka. Nilichuchumaa kwenye brauni ile jioni nyingi kuliko nilizokaa na vitabu. Leo nasoma shahada ya pili, utafiti wangu ni mmomonyoko wa udongo katika makorongo ya Dodoma, na nina kifaa cha kupima mwinuko kinachokaribia thamani ya ng'ombe. Bado nikifika eneo jipya nachuchumaa kwanza. Wenzangu hudhani naomba.

Somo la pili lilihusu banka. Kando ya brauni, upande wa kushoto, alichimba shimo la mchanga lenye ukubwa wa karai la kufulia. Nikamwuliza kwa nini hakulichimba mbali kidogo, kule ambako mimi na binamu zangu tulikuwa tukipeleka mipira yetu yote. Akacheka. Mchezaji mbovu, alisema, ameshajiadhibu mwenyewe. Banka huwekwa pale ambapo mjanja anatamani kupita.

Miaka mingi baadaye, usiku mmoja hosteli, nilipaswa kusoma makala kuhusu mitiririko ya maji, nikajikuta nasoma kuhusu St Andrews, Scotland. Uwanja wake wa zamani ulikuwa na mabanka 112. Grini saba ni za pamoja, kila moja ikibeba mashimo mawili, na ukijumlisha namba za mashimo hayo unapata 18 kila mara: la 2 na la 16, la 3 na la 15, hivyo hivyo hadi la 8 na la 10. Maarufu kuliko mabanka yote ni lile la shimo la 17. Ni dogo, lina kina kirefu, na limeingia tumboni mwa grini kana kwamba mtu ameimega. Mwaka 1978, kwenye mashindano ya Open, Mjapani Tommy Nakajima alifika grini kwa mapigo mawili, akiwa miongoni mwa wanaowania ubingwa. Akasukuma mpira taratibu kuelekea shimo. Mpira ukafuata mteremko, ukapinda, ukatumbukia bankani. Alimaliza shimo hilo kwa mapigo 9.

Nilimwonyesha baba mdogo picha kwenye simu. Hakumwangalia Nakajima. Aliangalia ukuta wa banka, ambao hujengwa kwa mapande ya udongo wenye nyasi yaliyopangwa moja juu ya jingine, na hulazimika kujengwa upya kila baada ya miaka michache. "Huyu," alisema, "amejenga tembe."

Kilichoniweka macho usiku ule kilikuwa kitu kingine. Simulizi ya kule inasema mabanka ya kwanza hayakuchimbwa na mtu. Kondoo walijikunyata kwenye vibonde kukwepa upepo wa baharini, kwato zikakwangua nyasi, upepo ukabeba mchanga, shimo likakua. Wacheza gofu walilikuta, wakalipa jina. Mimi natoka mkoa ambao kwato na upepo vimetuachia mashimo ya aina hiyo kwa maelfu. Hapa tuliyaita janga. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 kule Kondoa ili ardhi ipumue. Watu wakahama na ng'ombe wao, au wakaachana nao. Kule Scotland mtalii anapiga picha ukingoni mwa shimo la kondoo. Najua udongo haufanani, mvua haifanani, na kwamba korongo la Kondoa lingeweza kumeza nyumba. Najua. Lakini nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba akaamka.

Sasa nifike ninapokwepa kufika.

Ada ya mwaka wa pili ilinishinda. Mkopo sikuwa nao, zabibu za mwaka ule zilinunuliwa kwa bei ya kutupa, na baba alishauza alichoweza kuuza. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji haujaacha kujengwa, na mji unaojengwa unakula mchanga. Matipa yalikuwa yakishuka korongoni kwetu kila siku. Kona ile ya chini ni fungu la baba mdogo, babu alimgawia. Kwa miaka mingi alikuwa akiwafukuza wachimbaji. Jioni moja alinipigia simu na kuniuliza deni ni kiasi gani. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema wiki ijayo nipite nyumbani.

Tripu zilichukua siku tisa. Nilipokwenda, nilisimama ukingoni nikaona walivyokata ukuta wa korongo, wima, hatua kama ishirini hivi kutoka kwenye brauni. Hapo sikuhitaji kifaa. Maji yanapodondoka kutoka juu ya ukingo wima hula mguu wa ukuta, ukuta unaanguka, na ukingo unarudi nyuma, ukielekea kule maji yanakotoka. Maji yanatoka shambani kwetu. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na mbili kuhusu jambo hilo hilo, na msimamizi wangu alizisifia.

Baba mdogo alikuwa kando yangu. Aliuliza, "Unasemaje, mama?"

Nilijua. Nikamwambia nadhani utashikilia.

Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Mtu aliyesoma grini kwa miaka ishirini hawezi kuwa hakuuona mteremko ule. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini basi aliniuliza, na jibu ninaloliogopa ni kwamba alikuwa akinipa nafasi ya kusema.

Mvua za Desemba zilikuja kwa hasira. Hadi Februari korongo lilikuwa limekula banka lake dogo, kopo la maziwa, nusu ya brauni na mistari miwili ya mizabibu ya baba. Nilikuwa nimepigilia vigingi kwa ajili ya utafiti, kwa hiyo ninavyo vipimo kamili. Kwenye rasimu ya tasnifu shamba letu linaitwa Eneo la 3. Chanzo cha mmomonyoko nimekiandika hivi: shughuli za kibinadamu. Msimamizi ameweka alama pembeni, anataka nifafanue zipi.

Sijamjibu. Badala yake, tangu Juni, kila Jumamosi napanda daladala kwenda nyumbani. Tumeulaza ukuta wa korongo usiwe wima. Chini tumepanga viroba vya mchanga, juu yake mapande ya udongo yenye mizizi, safu juu ya safu, tukiyaegemeza nyuma kidogo. Baba mdogo ndiye fundi, mimi kibarua. Alinitaka nimfungulie ile picha ya shimo la 17, akaisimamisha simu juu ya jiwe, na kila safu ikiisha anaenda kuitazama akiwa ameshika kiuno. Nilimweleza kwamba yao hulazimika kuirudia kila baada ya miaka michache, na wale wana nyasi. Akasema basi na sisi tutairudia. Kwa juu tumepanda mkonge.

Jumamosi iliyopita tulipomaliza alileta namba saba na mpira mmoja uliochubuka, akauweka kwenye kipande cha brauni kilichobaki. Mashariki mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Alitaka kuchuchumaa, magoti yakakataa, akanigeukia.

"Nisomee, mama. Na safari hii niambie."

Nikachuchumaa. Brauni yote sasa inainamia korongoni, hakuna pa kulengea pengine. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kuhusu siku ya matipa, kwamba nilijua, na kwa nini nilinyamaza. Hakugeuka. Aliupiga mpira taratibu, tukautazama ukipinda, ukaongeza kasi, ukagonga safu ya juu ya udongo wetu mbichi na kusimama.

"Umeshikilia," akasema, akaanza kushuka kwa kuchechemea kwenda kuuchukua kabla mbuzi hawajaufikia.