Tulijua Umri Wake, Tukamtuma



Katika daftari la madrasa yetu hapa Kahe limo jina la kijana aliyeandikishwa akiwa na miaka 7. Mwaka wake wa kuzaliwa tuliuandika kwa mkono wetu, kwa kuwa ndio tuliokabidhiwa ukatibu wa kamati ya msikiti. Ilipoingia Ramadhani iliyopita alikuwa amehifadhi juzuu tano, na umri wake ulikuwa miaka 15.

Kijana huyo alikuwa pia akiendesha bodaboda. Baada ya tarawehe mwenye pikipiki alimwachia chombo, naye akabeba abiria hadi karibu na wakati wa daku. Abiria walipokosekana, alikaa kijiweni na wenzake, simu mkononi, wakinywa vinywaji vya kuongeza nguvu. Wapo pale kijiweni waliotafuna mirungi ili usingizi usiwashike, ingawa imepigwa marufuku na sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya. Alfajiri alisali nasi safu moja. Asubuhi alisinzia juu ya msahafu.

Hayo tuliyaona. Kisha tukafanya kubwa zaidi: tukamtuma. Futari ya msikiti ilihitaji sukari, unga na tende kutoka Moshi mjini, na malipo ya kijana huyu yalikuwa nafuu kuliko ya madereva wenye leseni. Alasiri ya mwezi 23 Ramadhani alikuwa akirudi na mzigo, kichwa wazi, bila kofia ngumu. Kabla ya kuifikia reli, pikipiki iliiacha barabara ikatumbukia katika mfereji wa mashamba ya mpunga. Walioshuhudia walisema hakugongwa na yeyote wala hakuwa akikwepa kitu. Alisinzia.

Mguu uliovunjika umeunga, alhamdulillah. Kinachotuhuzunisha ni kichwa. Aya alizokuwa akizisoma bila kusita, leo hukwama katikati yake, akamtazama ustadhi kama mtu aliyepotelewa na kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wataalamu wa afya wanatueleza kwamba kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kwa siku. Vinywaji vile haviondoi uchovu. Huuficha tu, na vikiisha nguvu uchovu hurudi palepale. Shirika la Afya Duniani nalo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Na tafiti zilizokusanywa na kupimwa kwa pamoja zimeonesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Bei ya kofia moja haifiki hata robo ya gharama ya futari yetu ya siku moja.

Tumezoea kuwasema vijana wa siku hizi: hawalali, hawasikii, wamepotea. Lakini kijana huyu alisikia. Alipoambiwa nenda, alikwenda. Mwenyezi Mungu, katika Suratul-Baqara aya ya 195, ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Je, mkono ulioandika umri wa mtoto kisha ukampa fedha za safari, utajibu nini? Mtume (s.a.w) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Hatuwezi kusema tu kwamba vijana waache bodaboda. Nyumbani kwao fedha ile ilinunua chakula, na mama yake hakuwa na msaidizi mwingine. Kwa hiyo kamati imeamua mambo matatu. Kwanza, hakuna shughuli ya msikiti itakayobebwa na dereva asiye na leseni wala kofia. Pili, sehemu ya sadaka ya Ijumaa itawahudumia wanafunzi wa madrasa ambao familia zao zinategemea kazi zao za usiku. Tatu, baada ya tarawehe walimu watapita vijiweni. Hawatakwenda kukemea, bali kuuliza nani hajalala na kwa nini.

Nanyi wazazi, kabla hamjamtuma kijana au kumwazima chombo, hesabuni miaka yake. Sisi tulikuwa nayo kwenye daftari, na hatukulifungua.

Ewe Mola wetu, mrejeshee mtoto wetu alichokihifadhi, na utusamehe sisi tuliomtuma. Amin.